Gari likiacha kuvuta katikati ya barabara kuu

SWALI: Gari langu ni la otomatiki, linavuta kwa magurudumu ya mbele. Nikiwa kwenye kilomita 100 kwa saa, injini ilibaki ikinguruma lakini gari likaacha kuvuta. Je, breki na usukani navyo vingeweza kunitupa? Nilipaswa kufanya nini?

JIBU: Maadamu injini inanguruma, sevo ya breki (kifaa kinachoongezea nguvu mguu wako unapokanyaga) na usukani vinaendelea kupata nguvu, kwa hiyo usiizime. Hatari kubwa iko nyuma yako. Kwa mwendo huo gari hupita takribani mita 28 kila sekunde, na anayekufuata hajui kwamba unapungua, maana hujakanyaga breki na taa zako nyekundu hazijawaka. Washa taa za hazadi papo hapo, kisha tumia mwendo uliobaki kutoka pembeni. Usiendelee kukanyaga mafuta ukitumaini gia itashika. Mwendo unaoupoteza hapo ndio ungekuvusha njia.

Injini ikizimika, usukani huweza kuwa mzito, ila bado unageuka. Ushike kwa mikono miwili. Sevo hubakiwa na nguvu ya kukanyaga mara mbili tatu tu, basi kanyaga mara moja kwa uthabiti bila kuachia. Ufunguo usiurudishe hadi mwisho: usukani unaweza kujifunga gari likiwa bado linakwenda.

Ukisimama, vuta breki ya mkono kwanza. Hili wengi hawalijui, na linaua: ekseli moja ya mbele (chuma kinachozungusha gurudumu) ikikatika au kuchomoka, difu, yaani gia zinazogawa mzunguko kati ya magurudumu mawili, hupeleka mzunguko wote upande huo usio na kazi. Ndiyo maana gari halivuti, na ndiyo maana gia ya P nayo haiwezi kulishikilia. Kwenye mteremko litaondoka.

Wote washuke upande usiopita magari na wasogee mbali na barabara. Asisimame mtu nyuma ya gari; pembetatu ya tahadhari ni heri ikae chini ya kiti kuliko kwenye buti.

Fundi aanze na raba zinazofunika viungo vya ekseli. Zikipasuka, grisi hutoka, kiungo hukauka na kugonga ukikata kona, mwisho hukatika. Zikiwa nzima, apime oili ya giaboksi: ikipungua, gia huchelewa kushika unapoweka D. Kabla ya hapo gari lisiendeshwe, na likivutwa, magurudumu ya mbele yainuliwe.