Baridi yabisi: maji ya kufulia hayana kosa

Kaka, umeuliza kama vidole vya wifi vinavimba kila asubuhi kwa sababu ya kufua na maji ya baridi, na kama aache nyama kwa kuwa duka la dawa wamemwambia ni gauti. Nimeugua baridi yabisi tangu kabla ya kitinda mimba wangu kuzaliwa, kwa hiyo nakujibu kama mgonjwa.

Baridi huzidisha maumivu, kipupwe nakijua vizuri, ila haileti ugonjwa. Kinachotokea ni kinga ya mwili kumgeukia mwenyewe: inashambulia utando laini wa ndani ya kiungo, utando unavimba, na ukiachwa unakula gegedu, ule mto laini unaofunika ncha za mifupa, hadi mfupa wenyewe. Gauti ina tabia nyingine. Mara nyingi hushika kiungo kimoja ghafla, hasa dole gumba la mguu, na kwa mwanamke ambaye bado anaona siku zake ni nadra. Wifi anaumwa mikono yote miwili, tena vifundo vya shina la vidole, na vinakakamaa zaidi ya saa nzima. Mimi vifungo vya sare ya mtoto alikuwa akinifungia dada wa kazi.

Chanzo kimoja hakipo. Kuna urithi, lakini hata kwa mapacha wa kufanana, mmoja akiugua mwenzake mara nyingi hubaki mzima. Sigara ndiyo kichochezi kinachojulikana zaidi. Vumbi la mawe limo, ugonjwa wa fizi nao unahusishwa. Wanawake tunaugua mara mbili hadi tatu kuliko wanaume. Sigara sijawahi kuigusa, na bado niliugua. (Shangazi yangu ana orodha ya majirani anaowashuku. Tumemwachia.)

Mpeleke hospitali ya rufaa apimwe damu kwa RF na anti-CCP, vipimo viwili vya kutafuta dalili za baridi yabisi, na daktari amshike viungo, maana RF huweza kuwa chanya kwa mwenye TB na hasi kwa mgonjwa halisi. Zile dawa za unga zinazotuliza maumivu kwa siku mbili ziogope. Baadhi zimekutwa na steroidi, dawa kali za kushusha uvimbe, zilizochanganywa kwa kificho.

Akiandikiwa methotreksati, dawa ya kutuliza hiyo kinga ya mwili, inamezwa mara moja kwa WIKI, pamoja na vitamini ya foliki asidi. Kuimeza kila siku kunaweza kuua. Na kama mnatafuta mtoto, mwambieni daktari kabla hajaanza, kwa sababu inaharibu mimba.