Mtoto anaharisha msimu huu wa mvua: kipimo cha ORS, kutapika na maji ya ziwani

Dada wa Igombe, hapa Mwanza, umeandika kwamba mtoto wa miaka 2 anaharisha tangu jana, umempa kikombe cha maji ya chumvi na sukari akatapika yote, na maji mnachota ziwani. Nianze na hicho kikombe, maana hapo ndipo wengi wanapokosea.

Maji ya chumvi na sukari ni ya dharura tu, mfano usiku duka la dawa limefungwa. Kipimo ni lita 1 ya maji salama, sukari vijiko 6 vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai. Vijiko bapa: ukishajaza, pitisha mgongo wa kisu juu. Kijiko kilichofura kama kichuguu kinaharibu kipimo chote. Chumvi ikizidi kwenye damu, mtoto anaweza kupata degedege. Sukari ikizidi inavuta maji kuingia utumboni na kuharisha kunaongezeka, ndiyo maana soda haifai hata ukiiacha gesi itoke. Onja kwanza. Ikiwa na chumvi kuliko machozi, mwaga uanze upya.

ORS ya pakiti, yaani unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, ni bora kwa sababu ina potasiamu pia, madini ambayo mtoto huyapoteza akiharisha. Lakini soma pakiti: nyingi ni za lita 1, na zipo za nusu lita. Ukimimina ya lita 1 kwenye chupa ya nusu lita, umempa mtoto chumvi maradufu. Ukiiweka kwenye ile chupa ya lita 1.5, imekuwa nyepesi mno. Usigawe unga kwa kukadiria kwa macho. Pima maji kwa chupa ya nusu lita mara mbili, yaweke kwenye jagi safi, mimina pakiti nzima. Usiichemshe ikishachanganywa, usitie juisi wala maziwa, na saa 24 zikipita mwaga iliyobaki.

Sasa kutapika. Mtoto mwenye kiu akipewa kikombe anagugumia, tumbo linarudisha. Subiri dakika 10, kisha mpe kijiko kimoja cha chai kila dakika 1 au 2. Inaonekana kama mzaha, ila kijiko ni mililita 5, kwa hiyo hata kila dakika 2 unamfikishia mililita 150 kwa saa. Akishatulia, kila akiharisha mpe mililita 100 hadi 200, yaani nusu kikombe hadi kikombe kidogo. Aliye chini ya miaka 2 hupewa 50 hadi 100.

Omba na zinki. Kwa umri wake ni kidonge cha miligramu 20, kimoja kwa siku, siku 10 hadi 14, kikiyeyushwa kwenye kijiko cha maji safi. Wengi wanaacha siku ya tatu choo kikikaza. Malizieni, inampunguzia uwezekano wa kuharisha tena miezi inayofuata. Chakula msimnyime: uji, ndizi mbivu, ugali laini na mchuzi wa sato, na kama bado ananyonya aendelee. Flajili, dawa ya bakteria na amiba, msinunue kwa kubahatisha, kwani kuharisha kwingi kwa watoto ni kwa virusi. Na atakayekwambia ni "meno ya plastiki", ile imani potofu kwamba meno ya mtoto yaliyo kwenye fizi ndiyo yanamharisha, akataka kuchokonoa fizi, mkimbie.

Usisubiri asubuhi ukiona haya: macho yameingia ndani, analia bila machozi, amelegea au hawezi kunywa, anatapika kila kitu hata cha kijiko, damu kwenye choo, au ngozi ya tumbo ukiifinya na kuiachia inarudi taratibu. Choo cheupe kama maji ya kuoshea mchele, awe mtoto au mtu mzima, kichukulieni ni kipindupindu. Nendeni kituoni huku mkimnywesha njiani, hata juu ya bodaboda.

Kuhusu maji. Vilima vyetu ni mawe, kuchimba choo kirefu ni kazi, na mvua ikipiga yote yanateremka ziwani. Aliyeuona mto Mirongo unaopita mjini siku ya mvua haulizi. Msichote karibu na mwalo, pale mitumbwi inapotia nanga, wala mdomo wa mto. Yaacheni yatulie, yachujeni kwa khanga safi iliyokunjwa mara 4, kisha chemsheni. Yakishabubujika kwelikweli dakika 1 inatosha kwa mwinuko wetu wa mita 1,100 na kitu. Mkitumia dawa ya klorini, kuchuja ni lazima, kwa sababu tope linaimaliza nguvu kabla haijaua vijidudu. Fuateni kipimo cha kwenye pakiti na msubiri dakika 30. Ila maji yaliyogeuka kijani kama rangi iliyomwagika, yale ya ghubani siku za utulivu, msinywe hata yakichemka. Moto hauondoi sumu ya mwani ule.

Halafu ingiza kidole kwenye mdomo wa dumu. Pakiteleza, maji safi yanachafukia humo humo. Tia kokoto ndogo safi konzi moja, sabuni na maji nusu lita, tikisa dakika kadhaa, suuza mara 3. Fanya hivyo kila wiki, na kikombe cha kuchotea kiwe na mpini ili vidole visiguse maji.