Re: 1HZ (injini ya dizeli ya Land Cruiser) inakula oili, nifanye ovahoo (kuifungua na kuifufua upya), nitafute nyingine au niweke V8 (ya silinda nane)?

Mkuu, usifungue hata nati moja kabla hujapima kompresheni (mgandamizo wa hewa) ya silinda zote sita, halafu sukuma hewa kwenye kila silinda usikilize inavujia wapi: ikitokea kwenye mfuniko wa oili ni ringi za pistoni, kwenye ekzosti ni valvu, mapovu kwenye rejeta ni gasketi au hedi imepasuka. Moshi wa bluu gari likiwa ndo limewashwa tu asubuhi mara nyingi ni sili za valvu, hiyo wala sio ovahoo.

Kama bloki na kranki vinapimika bado vizuri mi ningefanya ovahoo, 1HZ ni ya kizamani na haina turbo ila inavumilia sana. Injini yusedi ni kamari, angalau isikie ikiwaka ikiwa ya baridi.

V8 sasa (najua inavutia), watu wanapigia hesabu injini tu wanasahau maunti (vishikizo vya injini), gearboksi, rejeta, waya, ekzosti, na kama ni ya petroli hadi tenki na bomba za mafuta, alafu kadi ya gari nayo lazima ibadilishwe. Pima kwanza ulete namba hapa