Kodi ya mafuta, mabasi na mashimo: majibu kwa wasomaji wa jimbo la Washington

Tangu kodi ya mafuta ya jimbo ipande Julai 2025, kutoka senti 49.4 hadi senti 55.4 kwa galoni, barua zimekuwa nyingi kuliko nafasi niliyo nayo. Nimechagua zinazohusu mahali fedha zinapokwenda. Wanaotaka kujua kituo chenye bei nafuu watafute kwingine.

Swali (Kent): Hizo senti sita si ndizo zinazowalipia vijana mabasi ya bure?

Sizo. Nimekwisha kulijibu swali hili, na kila kodi inapopanda linarudi kama lilivyo. Marekebisho ya 18 ya katiba ya jimbo, yaliyopitishwa mwaka 1944, yanaagiza kodi ya mafuta itumike kwa barabara kuu tu, na vivuko vyetu vinahesabiwa humo. Usafiri wa bure kwa wenye umri wa miaka 18 na chini, ulioanza 2022, unategemea fedha za mnada ambamo makampuni yanayochafua hewa hununua vibali vya kutoa gesi joto. Hiyo ni mifuko miwili tofauti.

Swali (Tukwila): Basi kwa nini fedha za mnada huo zisizibe mashimo yanayotuvunjia gari?

Kwa sababu sheria iliyounda mnada ilitenga sehemu ya usafiri kwa kazi ya kupunguza hewa chafu, yaani mabasi, njia za waenda kwa miguu, vivuko vya umeme na mengineyo ya namna hiyo, na ikazuia isitumike kwa kazi za kawaida za barabara kuu. Mimi naona ni busara. Fedha hizo zikifunguliwa mlango wa barabara hazitarudi kwenye mabasi, kwa kuwa barabara haishibi. Wapiga kura waliombwa Novemba 2024 waifute sheria yenyewe, na takriban asilimia 62 wakakataa.

Swali (SeaTac): Mume wangu ana teksi aina ya Prius, jirani yetu mstaafu ana gari la umeme. Nani anachangia barabara zaidi?

Hili ni swali la maana, kwa hiyo tupige hesabu. Tuseme mumeo anakwenda maili 40,000 kwa mwaka, na gari lake linakwenda maili 50 kwa galoni. Atanunua galoni 800, na kwa kiwango cha Julai 2025 kodi ya jimbo pekee ni dola 443 na senti 20. Ongeza dola 75 ambazo magari ya mseto kama hilo, yanayotumia mafuta na umeme pamoja, hutozwa wakati wa usajili, utapata dola 518. Jirani yenu analipa ada ya dola 225 kwa mwaka, atembee asitembee.

Kwa jumla, basi, mumeo anachangia zaidi. Lakini ukigawa kwa maili, mambo yanageuka: mumeo analipa kama senti 1.3 kwa kila maili, na mstaafu anayekwenda maili 4,000 tu kwa mwaka analipa zaidi ya senti tano na nusu. Ada isiyotazama matumizi humwonea anayeendesha kidogo na humpendelea anayeshinda barabarani. Jimbo lilijaribu mwaka 2018 na 2019, kwa madereva wapatao 2,000, utaratibu wa kutoza kwa maili, na jirani zetu wa Oregon wanao wa kujiandikisha kwa hiari tangu 2015. Sisi tumebaki kuzungumza. Siku bunge litakapouleta, msikubali kifaa cha kufuatilia safari zenu kiwe cha lazima, kwa maana kusoma kipima maili wakati wa kulipia usajili kunatosha kabisa.

Swali (Renton): Nikinunua gari la umeme nitakwepa kodi ya barabara?

Soma jibu la hapo juu.

Swali (Federal Way): Foleni ya I-5 kati ya Tacoma na Seattle imetuchosha. Kwa nini serikali isiongeze njia, ikaacha habari za tabianchi?

Kwa sababu ilikwisha kujaribiwa. Houston walipanua barabara ya Katy kwa takriban dola bilioni 2.8, wakamaliza 2008, na sehemu nyingine ikafikia njia 26 ukihesabu za pembeni. Miaka michache baadaye foleni ya asubuhi na jioni ilikuwa ndefu kuliko walipoifungua. Njia mpya huwaita wasiokuwapo: anayeahirisha safari huacha kuahirisha, na anayetafuta nyumba huisogeza mbali zaidi.

Colorado walilielewa hilo. Mwaka 2021 waliweka kanuni kwamba mipango ya barabara ilingane na viwango vya kupunguza gesi joto, na mwaka uliofuata mpango wa kupanua I-25 katikati ya Denver ukaachwa. Hapa kwetu sheria inataka gesi joto ya jimbo zima ipungue kwa asilimia 95 ifikapo 2050, ikilinganishwa na 1990, na usafiri ndiyo sekta inayotoa nyingi kuliko zote. Wakati huohuo jimbo linauza hatifungani za kujengea barabara, za kulipwa kwa robo karne hivi, na dhamana yake ni kodi ya mafuta. Yaani tumekopa kwa kuweka rehani mafuta ambayo tumeapa kutoyachoma. Wadai watalipwa kwanza. Kitakachopungua ni fedha za matengenezo, na hizo hazina mtetezi, maana sijaona gavana akikata utepe wa shimo lililozibwa.

Swali (Auburn): Ni kweli mabilioni ya barabara yanaliwa na samaki?

Ni amri ya mahakama ya mwaka 2013, inayotaka makalavati yanayowazuia samaki aina ya samoni kupanda mito yabadilishwe kufikia 2030, kwa sababu makabila ya wenyeji yana haki ya kuvua samaki hao katika mikataba yao ya karne ya 19. Deni la mkataba hulipwa. Anayelalamika awalaumu waliojenga makalavati mabovu.

Swali (Kent, mwingine): Nyumbani Kenya nako tozo ya barabara ilipandishwa. Ni ugonjwa mmoja?

Ni uleule. Tozo ilitoka shilingi 18 kwa lita hadi 25 Julai 2024, kisha shilingi saba kati ya hizo zikauzwa kwa wakopeshaji ili makandarasi walipwe madeni ya nyuma. Tofauti ni kwamba bodaboda na mabasi ya umeme ndiyo kwanza yanaanza kuzoeleka Nairobi, kwa hiyo Kenya bado ina muda wa kupanga namna ya kuyatoza kabla mapato ya mafuta hayajaanza kushuka. Washington hatuna muda huo: bajeti ya usafiri hupitishwa kila baada ya miaka miwili, na wanaotaka kuisemea wanaweza kutoa maoni mbele ya kamati za bunge la jimbo huko Olympia kwa njia ya video, bila kuchoma hata galoni moja.