Giaboksi ya otomatiki ya pikapu: ipoze kwanza, ndipo uiongezee nguvu

Fungua giaboksi ya otomatiki iliyokufa kwenye pikapu ya mizigo na mara nyingi utakuta gia zenyewe ni nzima, meno yanang'aa. Kilichoharibika ni plati za klachi zilizogeuka nyeusi, na sili za mpira zilizokauka kiasi kwamba ukizikunja zinakatika. Hilo ni kaburi la joto. Kwa hiyo kabla hujanunua klachi imara au kugusa vali bodi (sehemu yenye vali zinazoelekeza presha ya oili), jua kwanza oili yako inafika nyuzi ngapi ukipanda mlima na trela nyuma.

Oili ya otomatiki inafanya kazi vizuri kati ya nyuzi joto 80 na 95 za sentigredi. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka juu ya hapo hupunguza umri wa oili kwa takriban nusu. Ikikaribia 120, inaanza kuacha utando wa kahawia kwenye vali ndogo, nazo zinakwama. Ikipita 140, sili zinakuwa ngumu, presha inavuja humohumo ndani, klachi zinateleza, na kuteleza kunazaa joto jingine.

Joto kubwa hutoka kwenye toki konveta, kifaa cha oili kinachounganisha injini na giaboksi. Ikiwa haijajifunga, upande wa injini unazunguka haraka kuliko upande wa giaboksi, na tofauti hiyo yote inaishia kwenye oili. Ndiyo maana kupanda taratibu na mzigo huku gia ikirukaruka kati ya ya 3 na ya 4 ni hatari kuliko kwenda mwendo mkubwa barabara tambarare. Zima ovadraivu (gia ya juu kabisa), au washa kitufe cha kuvutia trela kama gari linacho, ili gia itulie na konveta ibaki imejifunga.

Kifaa cha kwanza cha kuongeza ni kipoza cha nje. Chagua cha plati zilizopangwa. Kwa ukubwa uleule, kinapoza vizuri kuliko cha bomba lenye mapezi. Oili itoke giaboksi, ipite rejeta kwanza, iingie kipoza cha nje, ndipo irudi. Kujua bomba lipi linapeleka na lipi linarudisha, washa injini ikiwa baridi, gia iwe P, uguse yote mawili: linalopata joto mapema ndilo linalopeleka. (Giaboksi zenye thamostati zitakuchelewesha kidogo.) Kifunge mbele ya rejeta kwa vishikizo vya chuma. Zile kamba za plastiki zinazopenya katikati ya mapezi ziache. Gari likitikisika, kipoza kinasuguana na rejeta hadi kimoja kitoboke.

Mipira ya kuunganishia isikupite. Tumia mpira uliotengenezwa kwa oili ya giaboksi, kwani ule wa petroli haukuundwa kuvumilia joto hili. Na pale mpira unapovaa bomba la chuma lililokatwa, ncha ya bomba lazima iwe na kivimbe, kisha klipu ikae nyuma yake. Bomba laini lisilo na kivimbe linauachia mpira ukiwa na presha, na kwa injini inayozunguka, pampu humwaga oili yote nje kwa muda mfupi sana.

Pamoja na kipoza, funga geji ya joto yenye sensa ndani ya sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya giaboksi. Bila geji unakisia tu. Ukiona imepita 110 na bado inapanda, simama, weka P, acha injini ikizunguka ili pampu iendelee kupitisha oili kwenye kipoza.

Kagua pia rejeta yenyewe. Ikipasuka kwa ndani, maji na oili huchanganyika na kuwa kama maziwa ya waridi. Nissan Frontier na Pathfinder za 2005 hadi 2010 zinajulikana kwa tatizo hilo. Kemikali iliyo kwenye maji ya rejeta hula gundi inayoshika karatasi ya msuguano kwenye plati za klachi, hivyo kumwaga na kujaza oili mpya mara nyingi hakuiokoi giaboksi iliyotembea hivyo.

Sasa oili. Gari linalovuta au kubeba mara kwa mara libadilishwe oili kila kilomita 40,000 hadi 50,000, hata kama muuzaji alisema ni oili ya maisha. Fuata aina iliyoandikwa kwenye kitabu. Dexron VI inaweza kuchukua nafasi ya Dexron III. Toyota WS na T-IV hazibadilishani. Chrysler inayotaka ATF+4 ipewe hiyohiyo. Oili inayodai kufaa kila gari siipendekezi kabisa.

Chukua mfano wa 4L60E ya GM, iliyo kwenye pikapu nyingi za Chevrolet. Ukishusha sampu inatoka oili kama lita 4.7, lakini giaboksi nzima ina karibu 10.6. Kumwaga mara moja kunabadilisha asilimia 44 tu; mara 3, na mwendo wa siku chache katikati, kunafikisha zaidi ya 80. Njia hii ya polepole ni salama kuliko mashine ya kusukuma kwa presha, hasa kwa oili ya zamani.

Pasha gari moto kiasi, liinue kwenye stendi imara, legeza bolti za upande mmoja kwanza ili sampu iiname na kumwagikia kwenye karai. Chomoa filta, na uhakikishe sili yake ya zamani haikubaki kwenye tundu la pampu. Ukisahau hapo, filta mpya haitakaa, pampu itavuta hewa. Angalia sumaku: tope laini la kijivu ni la kawaida. Vipande vya chuma vyenye ncha, chembe za rangi ya shaba au magamba meusi ni ishara ya kufungua giaboksi, maana oili mpya haitatibu hayo. Safisha, weka gasketi kavu bila gundi, kaza bolti kwa mzunguko hadi nyutoni-mita 11. Nguvu zaidi ya hapo inapinda ukingo wa sampu na ndiyo inayoleta uvujaji.

Kupima: gari sawasawa, oili ya moto, injini ikizunguka, pitisha gia zote taratibu, rudi P, soma dipstiki. Isiyo na dipstiki hupimwa kwa nati ya pembeni au chini, oili ikiwa kwenye joto lililoandikwa kitabuni. Ikizidi, inapigwa ikawa povu na kutokea kwenye tundu la hewa. Ikipungua, gari linateleza kwenye kona na mlima.

Gari likikosa rivasi, gia ya 2 na ya 4 kwa pamoja kwenye 4L60E, huku ya 1 na ya 3 zikifanya kazi, ganda linaloshika gia ya jua (gia ya katikati) limekatika. Ukifungua kwa hilo, weka ganda lililoimarishwa, na klachi za gia 3 na 4 za kiwango cha juu, kwani hizo ndizo zinazowahi kuungua. Weka konveta nyingine na kipoza kipya. Chembe za chuma zilizobaki humo zitaua kazi yote. Konveta iwe inayoshika kwenye mizunguko ya chini. Zile za magari ya mashindano zinateleza muda mrefu na kuchemsha oili.

Seti ya springi na vali za kuimarisha vali bodi inafaa, ikichaguliwa kwa kiasi: inafupisha muda wa klachi kuteleza gia inapobadilika. Ile inayobadili gia kwa kishindo inaumiza vyuma vingine.

Tairi kubwa nazo ni mzigo. Kutoka 265/75R16, yenye kipenyo cha milimita 804, kwenda inchi 35 ni ongezeko la karibu asilimia 11. Difu yenye uwiano wa gia wa 3.73 ibadilishwe iwe 4.10 ili injini irudi karibu na pale ilipokuwa. Baada ya hapo kompyuta ielezwe ukubwa mpya wa tairi na difu, la sivyo itapokea mwendo usio sahihi na kubadili gia kwa wakati mbaya.

Gari likiharibika, usilivute magurudumu ya nyuma yakigusa chini. Pampu huzungushwa na injini, kwa hiyo injini ikizimwa vyuma vya ndani vinazunguka vikavu. Litundike, au fungua propela shafti kwanza.