Mchoro wa mmea ulio hatarini haunakiliwi kutoka kwenye picha

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa sanaa hapa Dar es Salaam. Mradi wangu ni michoro ya mimea ya Tanzania iliyo hatarini kutoweka, na nimeanza na Saintpaulia, ule urujuani wa milima ya Usambara. Nilinunua mche mmoja kwa wauza maua, nikapakua picha nzuri mtandaoni, nikanakili mistari yake juu ya meza ya mwanga, kisha nikapaka rangi za maji. Darasani walinisifu sana, lakini mtunza hebaria (hifadhi ya sampuli za mimea iliyokaushwa) niliyemwonyesha alisema hawezi kuutumia mchoro huo. Tatizo ni karatasi au ni rangi? Na je, naweza kung'oa mche mmoja msituni nije nichoree nyumbani?

JIBU: Marahaba. Karatasi na rangi tuyamalize haraka: tumia karatasi ya pamba yenye uso laini, gramu 300, na rangi zisizopauka kwa mwanga. Lakini hata ungechorea karatasi bora kuliko zote, mtunza hebaria angekujibu vilevile, maana ulichokichora si mmea wa Usambara.

Mche ulionunua ni chotara. Mbegu za kwanza zilipelekwa Ujerumani na Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa Tanga, aliyeukuta mmea huo mwaka 1892. Mwaka uliofuata Hermann Wendland akauandika kitaalamu na kuupa jina Saintpaulia ionantha. Tangu hapo wakulima wa maua wa Ulaya na Marekani wamekuwa wakiuchanganya ili uuzike: petali zilizorundikana, kingo zenye marinda, maua meupe, ya waridi, ya rangi mbili. Wa porini hauko hivyo. Unaota kwenye miamba yenye kivuli na unyevunyevu, mara nyingi karibu na vijito. Ua lake lina petali tano zilizoungana chini, mbili za juu zikiwa ndogo kuliko tatu za chini, na kwa kawaida ni la bluu inayoelekea zambarau. Ukilitazama kwa lenzi utaona stameni, yaani sehemu za kiume za ua, mbili tu, vifuko vyake vya chavua vya manjano vimegusana uso kwa uso. Staili, kile kijiti cha sehemu ya kike, haisimami katikati. Imeinamia upande mmoja, kwenye maua mengine kushoto na kwenye mengine kulia. Hilo la staili nimeliona limekosewa kwenye michoro mingi kuliko kosa lingine lolote, kwa sababu mchoraji aliyekwishazoea kwamba ua ni kitu chenye pande mbili zinazolingana huinyoosha bila hata kujua kwamba ameinyoosha.

Sasa nije kwenye jambo linalonikera, na naliona karibu kila mwezi. Watu wanaamini kwamba mchoro sahihi ni ule unaofanana na picha ya kamera. Wakishaamini hivyo, kunakili picha kunaonekana ndiyo njia fupi ya kuufikia usahihi, na wapo wanaofundisha hivyo kwa ada, semina ya wikiendi moja, mwanafunzi anatoka na cheti na mchoro unaong'aa. Wanawadanganya vijana, na wanawapotezea wakati ambao wangeutumia kujifunza kutazama.

Picha ni ua moja, kwa upande mmoja, kwenye mwanga wa dakika moja. Lenzi ya kamera hukuza kilicho karibu na kupunguza kilicho mbali, kwa hiyo jani lililo karibu na kamera linaonekana kubwa kuliko lilivyo, na kikonyo chake kinaonekana kifupi. Ukinakili, umenakili na kosa hilo. Haiwezekani kupima kitu juu ya picha isiyo na rula pembeni. Huoni upande wa chini wa jani. Huoni tunda, kwa sababu wapiga picha hungoja mmea uchanue. Mchoro wa kitaalamu unakusanya vyote hivyo kwenye karatasi moja: mmea mzima kwa ukubwa wake halisi, kitumba, ua lililofunguka, ua lililopasuliwa kwa wembe toka juu hadi chini, tunda bichi, tunda lililokauka, na kila sehemu iliyokuzwa ikiwa na mstari wake wa vipimo. Kila mstari unaouweka unasema umepima au umeona. Mahali ambapo hukuona, acha wazi.

Nitakupa mfano mmoja uone kwa nini hebaria wanakuwa wakali. Kwenye Saintpaulia, mtaalamu wa mimea B. L. Burtt wa Edinburgh, katika kazi zake za mwaka 1958 na 1964, alitenganisha spishi kwa kiasi kikubwa kwa kuangalia vinyweleo vya uso wa juu wa jani: virefu au vifupi, vyote sawa au vimechanganyika, vimesimama au vimelala. Kwa njia hiyo zilifika karibu spishi 20. Mwaka 2006 Iain Darbyshire alizipitia upya na kubakiza 6, nyingine akazifanya jamii ndogo. Mwaka 2015 kundi zima likaingizwa ndani ya jenasi nyingine, Streptocarpus, na leo mmea wako kitaalamu unaitwa Streptocarpus ionanthus. Majina yamehama mara zote hizo, lakini mchoro ulioonyesha vinyweleo kwa uaminifu bado unatumika, kwa sababu mtaalamu yeyote anaweza kurudi kwake na kuuliza upya. Wako una jani zuri lenye mng'ao wa mahameli. Vinyweleo viko wapi? Vimelala au vimesimama? Hauwezi kujibu, kwa hiyo hautumiki.

Hapohapo niwaseme wanaotumia programu za kuzalisha picha kwa kompyuta, maana sasa naletewa na hizo pia. Niliwahi kuonyeshwa bango la mafunzo lenye "ua la Usambara" lililokuwa na kichane kizima cha stameni katikati. Hakuna mmea huo duniani. Bango kama hilo likibandikwa kwenye kituo cha hifadhi, mlinzi wa msitu atajifunza kutafuta kitu kisichokuwepo, na kile kilichopo atakipita.

Kuhusu kung'oa: usifanye. Mimea yote ya Saintpaulia ya eneo moja inaweza kuwa kwenye mwamba mmoja tu. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, kama hifadhi nyingine za misitu, iko chini ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na kutoa mmea humo bila kibali ni kosa. Omba kibali cha kuingia, nenda na mtu wa hifadhi, kaa mbele ya mwamba uchore palepale. Chukua lenzi ya mara 10, divaida ya kupimia, penseli ngumu, na kipande cha karatasi ya rangi za maji cha kujaribia rangi papo hapo, kwa sababu bluu ile hubadilika machoni ukishatoka kivulini. Hapo kamera ina kazi: piga picha ya mkao wa mmea, rula ikiwa pembeni, ikusaidie kukumbuka.

Sehemu nyingine ya kazi ifanyie hebaria. Iko ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iko ya taifa Arusha, na kwa Afrika Mashariki nzima iko ya Nairobi. Kwa mimea mingine hutakuwa na njia nyingine. Erythrina schliebenii ilihesabiwa kuwa imetoweka mwaka 1998, ikaja kuonekana tena mwaka 2001. Karomia gigas nayo imebaki miti michache mno kusini-mashariki mwa nchi. Huwezi kwenda kuchuma maua ya miti kama hiyo. Unachora kutoka kwenye sampuli iliyokaushwa, na sampuli ina hila zake: ua limebanwa likawa bapa, rangi imegeuka kahawia. Mwombe mtunzaji ruhusa. Akikubali, yeye mwenyewe atachukua ua moja lililolegea na kulilainisha kwa maji ya moto hadi lirudi umbo lake, nawe ulitazame chini ya hadubini. Kisha soma lebo yote. Mkusanyaji mzuri huandika rangi ya ua lilivyokuwa bichi, kimo cha mti, na aina ya udongo, na hayo ndiyo yanayokupa haki ya kupaka rangi. Lebo isiposema rangi, chora kwa wino mweusi na vidoti.

La mwisho nalisema kwa wote wanaochora mimea adimu, si kwako peke yako. Msiweke mahali kamili ulipo mmea, wala kwenye maelezo ya mchoro wala kwenye picha za simu mnazozirusha, ambazo mara nyingi hubeba ndani yake majira ya nukta, yaani namba za mahali hasa zilipopigwa. Wezi wa mimea wanasoma kama sisi tunavyosoma. Mwaka 2014 mimea 24 ya Encephalartos latifrons, mmea adimu wa kundi la saikadi, iliibwa ndani ya bustani ya Kirstenbosch, Cape Town, penye uzio na walinzi. Mwamba wa Usambara hauna hata mlinzi mmoja. Kwenye mchoro andika wilaya na mwinuko kutoka usawa wa bahari. Nukta kamili mpe mtunza hebaria, aziweke kwenye jalada pamoja na namba ya sampuli yako.