Kazi naijua, cheti ndo sina

SWALI: Shikamoo anti. Mimi nachomelea vyuma huu mwaka wa 9, nimejifunza kwa fundi, sijawahi kuona mkataba wala salari slipu, nalipwa mkononi jioni basi. Kila tangazo la kazi wanataka cheti, barua ya mwajiri wa zamani na wadhamini. Juzi kwenye intavyuu nimeulizwa uzoefu wangu uko wapi nikabaki kimya, na mikono imejaa makovu ya moto. Nirudi shule au niache tu?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole, hilo swali la intavyuu limeniuma. Usiache. Na shule ya kuanzia sifuri usiikimbilie kwanza. Shirika la Kazi Duniani mwaka 2018 lilisema watu kama bilioni 2, zaidi ya asilimia 60 ya wafanyakazi wote duniani, wako kwenye ajira isiyo rasmi kama wewe, kwa hiyo si kwamba ulizembea mahali.

Mwajiri anataka karatasi kwa sababu hakujui na hana muda wa kukupima, sasa mpe cha kushika. Nchi nyingi zina utaratibu wa kupima ujuzi wa watu waliojifunzia kazini, unafanya mtihani wa vitendo, ukifaulu unapewa cheti bila kukaa darasani miaka, na Pendekezo namba 204 la shirika hilohilo, la mwaka 2015, linazitaka serikali ziutambue ujuzi wa namna hiyo. Ulizia chuo cha ufundi cha serikali, na kabla hujatoa hela yoyote uliza hicho cheti kinatambuliwa na nani, maana matapeli wapo. Fundi wako naye akuandikie barua, aseme umekaa kwake miaka mingapi na ulikuwa unafanya nini, aweke sahihi na namba ya simu. Piga picha mageti na madirisha uliyotengeneza.

Kuna kitu watu hawakisemi kabisa: kazi rasmi inalipa mwisho wa mwezi, wewe umezoea hela ya kila jioni, na nimeona wengi wanaacha wiki ya pili kwa sababu nyumbani hakuna kitu na nauli imeisha. Kwa hiyo anza kuweka akiba ya mwezi mmoja sasa hivi, hata kama cheti bado. Na siku ukiitwa, omba mkataba wa maandishi na uulize kama watakuchangia mfuko wa hifadhi ya jamii, wakikwepa hayo mawili ujue bado ni kibarua kilekile, ila na yunifomu.